Mfarishi wa kwanza: nini ununue mwanzo, nini kisubiri

Anayeanza kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la tabaka tatu (viraka juu, kitambaa chini, na tabaka laini la kujaza katikati), hukimbilia cherehani. Ndiyo yenye bei kubwa, basi hudhani ndiyo yenye kazi kubwa. Mimi naiweka mwisho kabisa. Viraka vya kuanzia huunganishwa kwa mshono ulionyooka tu, na cherehani yoyote isiyoruka mishono inatosha, hata ya kuazima, hata ya kuzungusha kwa mkono. Kinachoharibu mifarishi mingi ya mwanzo ni ukataji.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza ni vifaa vya kukatia: kisu cha gurudumu (wembe wa duara unaozunguka kwenye mpini), mkeka wa kukatia juu yake, na rula pana ya plastiki inayoonyesha hadi upande wa pili. Navihesabu kama kitu kimoja, kwa sababu ukikosa kimoja viwili vilivyobaki havikusaidii. Kisu hicho kilitolewa na kampuni ya OLFA ya Japani mwaka 1979. Unakunja kitambaa tabaka nne, unakibana kwa rula, unapitisha kisu mara moja, nao mkanda umenyooka. Chukua chenye wembe wa kipenyo cha milimita 45. Vipo vya 28 na 60, ila wembe wa akiba wa 45 ndio rahisi kupatikana, na wembe ndio gharama itakayojirudia. Ukiona unaacha nyuzi hazijakatika, ubadilishe. Usikandamize zaidi, maana hapo ndipo kisu huteleza na kufuata vidole. Na kila ukikiweka chini, funga wembe, hata kama utakishika tena sasa hivi.

Mkeka wa sentimita 45 kwa 60 ndio wa kuanzia. Usiupigie pasi juu yake wala usiuache juani, kwa kuwa ukishapinda haunyooki tena. Rula iwe ya inchi 6 kwa 24. Nasema inchi kwa makusudi: michoro mingi ya kazi hii imeandikwa hivyo, na kuchanganya vipimo ni kujitafutia balaa. Akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, ni robo inchi, kama milimita 6. Sasa piga hesabu. Ukishona milimita moja ndani zaidi, kila kipande kinapoteza milimita, yaani mshono mmoja unakula mbili. Safu ya vipande 11 ina mishono 10, kwa hiyo safu nzima imepungua sentimita 2 na pembe hazikutani na safu ya jirani. Kosa la kukata linafanya vivyo hivyo, ila hilo huwezi kulifumua.

Nafasi ya pili ni kitambaa. Pamba tupu ya kufumwa, isiyovutika. Mchanganyiko wenye poliesta nyingi hauchukui kunjo la pasi vizuri, na kitambaa cha fulana kitakutoa machozi. Cha kupimiwa kutoka kwenye jora nakiweka juu ya vyote, kwani unachukua unachohitaji na unaweza kukifua kabla ya kukata. Vyekundu vizito na buluu iliyokolea hasa vifuliwe, visije vikachuja rangi juu ya vyeupe. Chini yake ni pakiti za vipande vilivyokatwa tayari, miraba ya inchi 5 au mikanda ya inchi 2.5. Zinaokoa muda, lakini hazifai kufuliwa kabla ya kushonwa, na bei yake ukilinganisha na eneo la kitambaa huwa kubwa. Mashati ya zamani yanashika mkia, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu sehemu zilizochakaa hupasuka mapema kuliko zilizo jirani.

Jora la pamba ya kazi hii huwa na upana wa sentimita 107 hadi 112. Mfarishi wako wa kwanza ukiwa na upana usiozidi sentimita 95, kitambaa cha chini kitatoka kipande kimoja bila kuungwa, na bado utabaki na ziada ya sentimita 5 kila upande. Anza na ukubwa huo.

Tatu, tabaka la katikati. Kwa cherehani, mchanganyiko wa pamba asilimia 80 na poliesta 20 ndio chaguo langu: hauna uzito wa kuchosha na unatulia. Pamba tupu inafuata. Hujikunja kidogo ikifuliwa, na wengine wanaupenda mkunjo huo. Poliesta tupu ni nyepesi na sindano ya mkono inaipenya kirahisi, ila nene yake huteleza chini ya cherehani. Sufu ni nzuri, lakini isubiri. Lolote utakalochukua, soma kwenye pakiti umbali unaoruhusiwa kati ya mistari ya kushonea. Ukiuzidisha, tabaka litavunjika na kukusanyika mabonge baada ya kufuliwa.

Uzi wa pamba namba 50, rangi ya kijivu, utaungana na karibu vitambaa vyote. Sindano za cherehani za ukubwa wa 80/12 kwa kuunga viraka, 90/14 kwa kupitia tabaka tatu. Pini, na kifaa cha kufumulia. Seti za sandukuni zenye vitu thelathini ziache, vingi hutavigusa.

Pesa ikibaki, kabla ya kufikiria cherehani mpya nunua guu la kutembea (guu ni kile chuma cha cherehani kinachobana kitambaa chini ya sindano), lile linalosukuma kitambaa cha juu sambamba na cha chini ili tabaka zisihame. Nenda dukani na guu la zamani mkononi ulinganishe urefu wa shingo yake, kwani haziingiliani zote.