Walikata ukingo wa mchoro wangu: uzoefu wangu na duka moja la fremu mjini Melbourne

Niseme kwanza lililo la haki: mbao za fremu ni nzuri, pembe zake zimeungana bila kuacha mwanya, na kanvasi imewambwa ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kama ningepeleka picha ya maua iliyochapwa kiwandani, ningelipa, nikashukuru na kurudi tena. Nilichopeleka ni mchoro wa Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa jangwa la kati la Australia, nilioununua Yuendumu, karibu kilomita 300 kaskazini-magharibi ya Alice Springs, na hadi leo nikiupita ukutani moyo huniuma.

Niliununua ukiwa umeviringishwa kama mkeka, rangi ikiwa upande wa nje ili isipasuke. Kuuzunguka palikuwa na ukingo mtupu wa vidole vitatu hivi, ulioachwa makusudi ili fundi apate pa kushika anapouwamba na kupigilia pini nyuma ya mbao. Nyuma ya ukingo huo kituo cha sanaa kilikuwa kimeandika kwa wino mweusi jina la mchoraji na namba, ileile iliyo kwenye cheti. Nilimwonyesha mwenye duka namba hiyo kwa kidole, nikamweleza kwamba bila namba ile cheti hakina cha kukifunga na mchoro wenyewe. Michoro ya kuigiza ni mingi sokoni; tena tangu 2010 sheria ya Australia humpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa upya kwa dola 1,000 au zaidi, na hilo haliwezekani kama haijulikani kazi ni ya nani. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaamini ameelewa.

Nilipokwenda kuuchukua, wiki kadhaa baadaye, niliona kasoro kabla hata sijaufikia mezani. Pembezoni mwa mchoro kulikuwa na safu ya alama za nusu duara, ambazo ni watu walioketi kuzunguka kisima, zimechorwa kama alama anayoiacha mtu mchangani anapoinuka. Watu wa upande wa kushoto walikuwa wamekunjwa: migongo yao imelala ubavuni mwa mbao, na mbele zimebaki ncha tu. Nikaugeuza. Ukingo haukuwapo, wala namba. Mwenye duka alinieleza bila haya kwamba alikuwa na mbao zilizokwisha kukatwa kwa kipimo kidogo zaidi, akaona hasara kukata nyingine, basi akakiondoa kitambaa cha ziada na kukunja kilichobaki. Nilipomwambia kwamba amewakunja watu, alinijibu kuwa zile ni nukta tu, na hakuna mgeni wangu atakayezihesabu.

Jibu hilo limeniumiza kuliko kisu chake. Mchoro ule unabeba Jukurrpa, masimulizi ya ardhi na ya wahenga walioiumba, na mchoraji huchora yale ambayo ukoo wake umempa haki ya kuyachora. Mwenye duka hana mamlaka ya kuamua ni sehemu gani ionekane na ipi ifichwe ubavuni. Hata mimi niliyeulipia sina.

Nikiwa naufunga mlango wa gari, kijana anayejifunza kazi pale alinikimbilia na bahasha. Ndani yake kilikuwamo kipande cha ukingo chenye namba, ambacho alikuwa amekiokota kwenye pipa la taka siku kilipokatwa, akakihifadhi bila kuagizwa na mtu. Niliposhika kipande kile nilishindwa kusema neno, nikampa mkono tu. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuandika kwamba duka hili linafaa, mradi usimamie vipimo mwenyewe.

Lakini tangu hapo fundi mwingine ameukagua. Anasema unaweza kuwambwa upya, ila lazima kwanza vibandikwe vipande vya kitambaa kipya nyuma ya kingo zote nne, na pale palipokunjwa rangi imeshafanya ufa mwembamba ambao hautafichika. Nilimpigia simu mwenye duka kumweleza, akanipa punguzo kwa kazi yangu ijayo. Nilikuwa nimeandika nyota tatu, nimezifuta mbili. Iliyobaki ni ya yule kijana, na bahasha yake nimeibandika nyuma ya fremu pamoja na cheti.