Vifaa vya kukagua kasoro za sarafu za zamani: nunua kipi kwanza?

Anayeanza kutafuta kasoro za kiwandani kwenye sarafu za zamani huvutiwa kwanza na hadubini, kwa sababu picha zake ni kubwa na zinapendeza. Mimi naiweka karibu na mkia wa orodha hii. Kasoro nyingi zinazotafutwa na wakusanyaji huonekana kwa macho matupu au kwa ukuzaji mdogo tu. Senti ya Marekani ya 1955 yenye maandishi pacha huonekana bila kioo chochote. Hali kadhalika peni ya Uingereza ya 1902 ambayo bahari nyuma ya Britannia, mwanamke anayeiwakilisha nchi hiyo, imechorwa chini kuliko kawaida, na ile ya pensi 2 ya 1983 iliyoandikwa NEW PENCE badala ya TWO PENCE. Ukikuza mno, kila mkwaruzo huanza kufanana na ugunduzi.

1. Lenzi ya mkononi ya 10x

Ikiwa fedha zako zinatosha kifaa kimoja, nunua hiki, kinachokuza mara 10 (ndiyo maana ya 10x). Tafuta ile ya masonara, yenye vioo vitatu vilivyounganishwa, kwani haipindishi mistari pembezoni wala haitii rangi za upinde wa mvua kwenye kingo za herufi. Ijaribu juu ya karatasi iliyochorwa miraba kabla ya kulipa.

Jihadhari na lenzi zilizoandikwa 30x au 40x huku kioo chake kikiwa kipana kama sarafu yenyewe. Hesabu haikubali. Umbali wa fokasi, yaani umbali ambao lenzi huonyesha kitu kwa uwazi, hupatikana kwa kugawa milimita 250 kwa ukuzaji, hivyo 10x ya kweli hushikwa takriban milimita 25 kutoka kwenye sarafu, na 40x ingebidi isogee hadi milimita 6, tena kwa kioo kidogo sana. Ukiona herufi vizuri lenzi ikiwa sentimita 5 juu ya sarafu, hiyo ni 5x, hata iandikwe nini ubavuni.

Kazi kubwa ya lenzi hii ni kutenganisha aina mbili za herufi pacha, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Muhuri wa kuchapia sarafu hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zamani ulikandamizwa zaidi ya mara moja, na ukisogea kidogo baina ya mkandamizo mmoja na mwingine, herufi hujiandika mara mbili ndani ya muhuri. Kila sarafu inayochapwa nao hubeba alama ileile. Herufi za namna hii huwa nene, zina umbo la mviringo, na ncha zake zimegawanyika kwa mwanya mdogo.

Aina ya pili hutokea muhuri ukiwa umelegea mashineni. Unapopiga, huteleza na kuburuza herufi iliyokwisha kuchapwa, ukaacha ngazi bapa yenye kung'aa, na herufi yenyewe ikakonda. Hii ni ya kawaida mno na haistahili kuongezewa hata senti moja. Hata huo mwaka wa 1955 una mtego wake: ziko senti ambazo tarakimu ya 5 ya mwisho inaonekana kuwa na kivuli kwa sababu tu muhuri ulichakaa. Kwenye ile ya kweli, tarehe yote pamoja na maneno LIBERTY na IN GOD WE TRUST ni pacha, ilhali upande wa nyuma ni wa kawaida.

2. Mizani ya gramu 0.01, pamoja na sumaku

Mizani inayosoma gramu 0.1 haitoshi. Mwaka 1943 Marekani ilichapa senti za chuma zilizopakwa zinki ili kuokoa shaba wakati wa vita, zenye gramu 2.70. Chache sana zilichapwa kimakosa kwenye vipande vya shaba vya gramu 3.11. Nyingi zinazouzwa kama hizo ni za chuma zilizopakwa rangi ya shaba, na sumaku huzinasa mara moja. Zisizonaswa hazijashinda bado, kwa kuwa wapo wanaochukua senti ya 1948 na kuichonga 8 iwe 3. Uzito hauwezi kuufichua ujanja huo. Rudi kwenye lenzi uitazame 3 kwa makini.

Nunua mizani inayokuja na jiwe la kuirekebishia, na kumbuka kwamba sarafu iliyochakaa hupungua uzito kihalali.

3. Taa ya mezani yenye shingo inayopinda

Wengi huidharau, nami naiona kuwa nusu ya uwezo wa lenzi. Mwanga uje kutoka ubavuni, chanzo kimoja, nawe uizungushe sarafu polepole. Ngazi bapa ya muhuri uliolegea hung'aa ghafla kisha hupotea. Ufa wa muhuri hutokeza juu ya sarafu kama uzi, ilhali mkwaruzo huzama. Mwanga unaomwagika pande zote huficha haya yote.

4. Katalogi yenye picha za alama za utambulisho

Isiwe orodha ya bei tu. Unataka kitabu kinachosema *wapi pa kutazama*. Sarafu ya Marekani yenye nyati ya 1937 kutoka kiwanda cha Denver, ambayo nyati wake ana miguu mitatu, ilitokana na muhuri uliosuguliwa kupita kiasi hadi mguu wa mbele ukafutika. Kuufuta mguu kwa kisu ni rahisi. Kuigiza safu ya vidoto vilivyotokeza chini ya tumbo la nyati wa kweli ni vigumu. Senti za 1922 nazo zote zilichapwa Denver, kwa hiyo isiyo na herufi D, alama ya kiwanda hicho, huleta maswali. Inayosifiwa zaidi ina upande wa nyuma uliochapwa kwa nguvu na ukali. Bila katalogi, usingejua kuigeuza.

Thaler ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, inahitaji kitabu kuliko zote. Tarehe yake ni 1780 siku zote, lakini imechapwa upya Vienna, Roma, London, Birmingham, Bombay na kwingineko. Tofauti ziko kwenye vitu kama lulu za kibanio cha nguo yake na manyoya ya mkia wa tai.

5. Hadubini ya USB

Inafaa kwa kupiga picha za kumtumia mnunuzi au mtaalamu. Taa zake za duara huwamba mwanga sawasawa juu ya sarafu, ndiyo maana haifai kuamulia suala la herufi pacha. Ukuzaji wa kati ya 20x na 50x unatosha.

6. Kalipa

Hiki ni kifaa cha kupimia kipenyo na unene, na wachache watakihitaji. Hukusaidia kwa sarafu iliyochapwa bila pete ya kuizuia, ikatanuka kupita kipenyo chake. Kwa sarafu iliyokatika pembeni, macho yanatosha: tazama ukingo ulio mkabala na pengo, kwani kwenye kasoro halisi mara nyingi huwa umefifia.

Dawa za kung'arisha, ambazo mara nyingi huuzwa pamoja na vifaa hivi, usinunue kabisa. Huondoa uso wa asili wa sarafu, na pamoja nao zile alama ndogo ulizotaka kuzisoma.