Semina ya saikolojia ya siasa hapa Arua, Uganda: naipa nyota 3 kwa 5

Jumamosi nimeenda hii semina ya siku moja, kwa nini watu wanaamini siasa wanayoamini, elfu 30 na chai ndani, nikajua ni zile za kukalishwa mpaka kiuno kinauma alafu unapewa setifiketi. Setifiketi yenyewe ni elfu 10 juu, na hio kwa bango hawajaandika, unaambiwa ukiwa mlangoni unatoka. Chai ilikuwa ya maziwa kweli, chapati baridi, basi.

Ila lile zoezi la asubuhi bana! Mwalimu anarusha sarafu, ikianguka hivi unapewa karatasi ya kijani, ikianguka vile ya buluu, hakuna sababu ingine yoyote, alafu kila mtu anajaza peke yake: buluu wapate pointi 12 na kijani 11, ama buluu 7 na kijani 1. Mi buluu. Nikaweka tiki kwa 7 na 1 bila hata kufikiri, na mama tuliyekuwa tunagawana naye chapati yuko kijani. Yani nimenyima watu wangu pointi 5 ili tu wale wengine wasitukaribie. Ndio mwalimu akatuambia mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwafanyia hivi wavulana wa shule Bristol, Uingereza, akaandika 1970, nao walikuwa wanapenda kuwazidi wenzao kuliko kupata nyingi. Sa kama karatasi ya saa moja inafanya hivi, shati ya chama ya miaka 20 je?

Kijana mmoja wa steji ya boda akauliza hilo hilo, rangi za vyama vya kwetu, njano ya NRM na nyekundu ya NUP, zinaingiaje hapo, mwalimu akacheka kidogo, "hiyo tuiache", akarudi Marekani. Namuelewa, ana familia, lakini mi elfu 30 nililipa kusikia hiyo.

Ya Marekani nayo tamu, Dan Kahan, profesa wa chuo kikuu cha Yale, 2013, anapea watu hesabu ileile, wengine wanaambiwa ni ya dawa ya ngozi, wengine ya sheria za bunduki, na kwa bunduki wale wakali wa hesabu ndio waligawanyika zaidi, kila mmoja jibu lake linaenda upande wake wa siasa. Tukaipitia mbio mbio juu jenereta ilikuwa inazimazima.

Nendeni tu, mkae mbele, setifiketi achaneni nayo. Yule mama tumekutana jana sokoni, ananiuliza "hizo 7 zako umeshakula?"