Washa za mshazari za M16: nzuri, ila pima mteremko kabla ya kununua

Washa hizi, za bolti za M16 (kipenyo cha milimita 16), nimezitumia kufungia mabano ya mabomba kwenye boriti za chuma za umbo la I na kwenye chaneli, yaani vyuma vya umbo la U. Ni za mraba, zimechovywa zinki, upande mmoja mnene na wa pili mwembamba. Asiyezijua hudhani zimeharibika kiwandani.

Kazi yake ni hii. Boriti za I za mtindo wa zamani na chaneli nyingi zina flenji (bawa linalotokeza kutoka ukuta wa kati) iliyo nene karibu na ukuta huo na inayopungua unene kuelekea ukingoni, kwa hiyo uso wake wa ndani umeinama. Weka washa bapa hapo ukaze, nati itagusa upande mmoja tu na bolti itapinda. Spana itakuambia imekaza, kumbe bolti inavutwa na kupindwa kwa wakati mmoja.

Kinachoniudhi ni lebo. Ukubwa wa bolti umeandikwa wazi, mteremko umeandikwa vidogo kama sisimizi, ilhali mteremko ndio unaoamua kila kitu. Kwa viwango vya Ujerumani (DIN), DIN 435 ni ya boriti za I zenye mteremko wa asilimia 14, na DIN 434 ni ya chaneli, kwa kawaida asilimia 8. Za Marekani zina mteremko wa 1:6, karibu asilimia 16.7. Mezani zote zinafanana, kwa sababu kwenye upana wa milimita 32 tofauti kati ya asilimia 14 na 8 haifiki hata milimita mbili. Lakini piga hesabu: washa ya 8 juu ya flenji ya 14 inabakiza asilimia 6, na kanuni ya Marekani ya bolti za nguvu inataka washa ya mshazari mara mteremko unapozidi 1:20, yaani asilimia 5. Umelipia washa maalumu na bado hujatoka kwenye tatizo.

Kupima ni rahisi. Egemeza skwea kwenye ukuta wa kati, kisha angalia pengo linavyokua juu ya flenji. Likiongezeka milimita 7 katika urefu wa milimita 50, hiyo ni asilimia 14; likiongezeka 4, ni asilimia 8. Lisipoongezeka, kama kwenye boriti za aina ya IPE na HEA ambazo flenji zake zina unene mmoja, ziache washa hizi dukani.

Wakati wa kufunga, upande mnene uelekee ukingo wa flenji, kule kulikopungua. Inapowezekana, shikilia kichwa cha bolti upande wenye washa hii na uzungushe nati upande ulio bapa, maana nati inayozunguka huiburuta washa pamoja nayo. Ikigeuka nusu mzunguko haisawazishi tena, inaongeza mteremko mara mbili. Hapo ndipo umbo la mraba linanipendeza kuliko la duara: ukingo wake ukikaa karibu na ukuta wa kati, haina pa kuzungukia. Na bolti iwe ndefu kidogo kuliko ulivyozoea, la sivyo meno hayatajaza nati.

Upande wa ubora sina malalamiko makubwa. Baadhi ya matundu yalikuwa na zinki iliyoganda, tupa ikamaliza. Ila hizi ni za chuma laini. Kwa mabano yangu zinatosha. Kwa bolti za daraja la 10.9, yaani za nguvu kubwa, zinazokazwa kwa nguvu kamili tafuta zilizofanywa ngumu kwa moto, kwa sababu laini hubonyea na mkazo wa bolti ukapungua. Na kama uso wako umepinda kidogo tu bila mteremko maalumu, kuna washa za jozi, moja imebinuka na nyingine ina kibonde, zinazojipanga zenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya lebo.