Kukuza bakteria: flaski ya kutikiswa au kemostati?

Kwenye flaski unaweka mchuzi wa virutubishi mara moja, unapanda bakteria, unatikisa. Kwa kupima kasi ya juu kabisa ya ukuaji, inatosha. Ukitaka kujua seli inavyowasha na kuzima jeni zake, flaski inakuchanganya: glukosi inapungua, asidi inapanda, na kila sampuli inatoka katika mazingira mengine.

Kemostati, chombo kinacholishwa mchuzi bila kukoma, iliyoelezwa mwaka 1950 na wanasayansi Monod na, kivyao, Novick na Szilard, inakuachia wewe uchague kasi ya ukuaji. Mchuzi mpya unaingia, kiasi kilekile kinatoka. Chombo cha mililita 500 kikilishwa mililita 100 kwa saa, kiwango cha kuzimua (sehemu ya ujazo inayobadilishwa) ni 0.2 kwa saa, na seli huongezeka maradufu kila saa 3.5 hivi. Subiri mchuzi wa ujazo 5 wa chombo upite, yaani saa 25, ndipo uchukue sampuli.

Lakini ina masharti yake. Pampu ikizidi uwezo wa seli kukua, zote zinasombwa. Utando wa bakteria ukishika kwenye ukuta wa chombo, hesabu inapotoka, maana seli zile hazisombwi. Mpira wa kulishia ukigusa maji ya chombo, bakteria hupanda hadi kwenye chupa ya mchuzi safi. Uache udondoshe mchuzi kutoka juu.

Dar es Salaam, chumba kikifika nyuzi 32, hita pekee haiwezi kushikilia chombo kwenye nyuzi 30: unahitaji koili ya maji baridi. Na pampu iwe kwenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, glukosi kidogo iliyobaki huisha upesi, seli zinaingia njaa, na saa 25 zinaanza upya.