Kiingilio Kipi Kwanza? Makumbusho ya Kampala na Entebbe kwa Familia Yenye Watoto

Familia inayopanda basi kutoka Arua, Kisumu au Bukoba ili kuwaonyesha watoto jiji la Kampala wakati wa likizo huwa na siku mbili au tatu tu, na katika siku hizo fedha za kiingilio si mzigo mkubwa kama wengi wanavyohofia. Kinachokula mfuko ni nauli ya teksi, yaani lile gari ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala, pamoja na chakula cha mchana na soda zisizokwisha. Na kinachokwisha mapema kuliko fedha ni uvumilivu wa mtoto. Kwa sababu hiyo mpangilio huu haukufuata umaarufu wala bei. Kila mahali nimepapima kwa maswali matatu: je, mtoto atapata kitu cha kushika, kusikia au kupanda? Je, kuna uwanja wa kukimbia akichoka kusimama? Na je, mzazi ambaye hakusomea historia anaweza kumweleza mtoto wake anachokiona?

Swali la tatu lina uzito wa pekee kwetu tunaozungumza Kiswahili nyumbani, kwa kuwa maelezo yaliyobandikwa ukutani kwa kawaida ni ya Kiingereza, na kiongozi anayezunguka nanyi huchanganya Kiingereza na Kiluganda. Hakuna ubaya kumwomba aseme Kiswahili. Wengine wanakijua vizuri lakini hawakitumii mpaka waombwe.

Nafasi ya kwanza naipa Makumbusho ya Taifa ya Uganda, yaliyoko Barabara ya Kira, eneo la Kamwokya, na naipa bila kusita kwa watoto wa miaka sita hadi kumi na minne. Makumbusho haya yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, afisa wa Kiingereza wa enzi ya ukoloni, Kampala ya zamani. Miongoni mwa vitu vya mwanzo vilivyokusanywa vilikuwamo vya uganga na ibada, na Waganda wakaiita nyumba hiyo Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe, kwa sababu dawa na mizimu ilihifadhiwa ndani ya pembe. Jengo la sasa lilichorwa na msanifu Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954. Ukimsimulia mtoto kisa cha nyumba ya pembe mkiwa bado njiani, ataingia mlangoni akiwa tayari ana jambo la kutafuta.

Sehemu ya kuanzia ni chumba cha ala za muziki, hata kama mpangilio wa jengo unakuvuta kwingine. Ngoma zimewekwa pamoja, za kupuliza pamoja na za nyuzi pamoja, kwa hiyo mtoto anaweza kulinganisha endingidi ya uzi mmoja, ambayo sisi tungeiita zeze, na adungu ya Waalur yenye umbo la upinde. Mwonyeshe amadinda, marimba ya vipande kumi na viwili vya mti vilivyolazwa juu ya migomba, kisha umweleze jinsi inavyopigwa: wapigaji wawili huketi wakitazamana, mmoja hupiga noti zake na mwenzake hupenyeza zake katika nafasi zilizoachwa, kwa kasi ambayo msikilizaji husikia wimbo wa tatu ambao hakuna kati yao anayeupiga peke yake. Watoto wangu walijaribu jambo hilo kwa kupiga makofi hapo hapo, na mlinzi akacheka badala ya kutukemea. Haikuwa kinyume cha desturi ya mahali penyewe, kwa kuwa miongo ya nyuma makumbusho haya yaliwahi kuwaajiri wanamuziki, akiwamo Evaristo Muyinda, ili wageni wasikie ala na si kuzitazama tu. Siku hizi bahati ya kukuta mtu anapiga haina uhakika. Uliza mlangoni kabla ya kulipa, maana jibu linaweza kubadilisha saa mtakayochagua.

Kutoka hapo, binti yangu wa miaka saba alisimama mbele ya ubao wa omweso na kuanza kuhesabu mashimo kwa kidole: safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32, na kete 64. «Mbona hili ni bao la babu?» akauliza. Swali hilo lilistahili kiingilio chote, kwa sababu omweso wa Uganda na bao la pwani ni ndugu wa damu, wenye idadi ile ile ya mashimo na ya kete, wakitofautiana katika kanuni za kucheza. Mzazi aliyekua akitazama wazee wakicheza bao barazani ana somo la nusu saa bila kuhitaji kusoma hata kibao kimoja.

Chumba cha mabaki ya kale, chenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, kutoka Napak huko Karamoja, huwavutia zaidi wenye umri wa miaka kumi na kuendelea. Wadogo watapita kama upepo, na usiwalazimishe. Wapeleke nyuma ya jengo, kwenye nyumba za kienyeji za jamii mbalimbali za Uganda, ambako wanaweza kuinama, kuingia, kutoka na kukimbia kwenye nyasi. Kasoro ninayoiona ni kwamba baadhi ya makabati yamechakaa na mwanga ni hafifu, na asubuhi za siku za shule, hasa muhula unapokaribia kwisha, mabasi ya wanafunzi hufurika kiasi kwamba familia ndogo husukumwa pembeni. Baada ya saa nane mchana hali hutulia.

Nafasi ya pili ni kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, ambacho wakazi wengi bado wanakiita zuu. Najua kwamba kwa maana kamili hapa si makumbusho. Hata hivyo, ikiwa mtoto wako hajafika miaka sita, papandishe pawe pa kwanza na usome yaliyotangulia kama ziada. Kituo kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliookolewa, na tangu mwaka 1994 kinaendeshwa kwa lengo la elimu na uhifadhi. Kuna simba, sokwe, twiga, na yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, ambaye Waganda humwita bulwe na ambaye anaweza kusimama bila kutikisika mpaka mtoto aapie kwamba ni sanamu. Kifaru naye ana hadithi yake: vifaru wa porini walitoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya ujangili, kwa hiyo mtoto anayemtazama pale anamtazama mnyama ambaye kizazi kizima cha Waganda kilikua bila kumwona katika mbuga za nchi yake.

Gharama ya kweli ya Entebbe ni safari. Ni takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala, na ukipita barabara ya haraka kwa gari binafsi utalipia ushuru wa barabara. Tenga siku nzima. Tumbili wa pale wamezoea watu kupita kiasi, na chapati iliyoshikwa mkononi ina dakika chache za kuishi, basi chakula kifungwe ndani ya mkoba wenye zipu. Nilifanya kosa la kununua viingilio vya Kamwokya na vya Entebbe kwa siku moja, nikidhani naokoa muda. Tulifika Entebbe saa tisa na nusu, mdogo akalala mgongoni mwangu mbele ya banda la sokwe, na fedha yake ikawa imekwenda na maji.

Nafasi ya tatu naipa mnara wa msikiti mkuu ulioko kilima cha Kampala ya zamani, kilima kile kile makumbusho ya taifa yalipozaliwa. Msikiti ulijengwa kwa msaada wa Libya na wengi wanaujua kwa jina la Gaddafi. Wageni wa dini zote hupokewa, kina mama hupewa nguo za kujistiri kama hawakuja nazo, na mnara una ngazi zaidi ya 300. Mtoto wa miaka minane atazihesabu kwa sauti. Wa miaka minne utazipanda ukiwa umembeba, na hapo fikiria magoti yako. Juu kabisa vilima vya Kampala huonekana vimezunguka pande zote, na ndipo mtoto anapoelewa kwa nini watu wa jiji hili humwelekeza mgeni kwa kutaja vilima. Ziara haichukui zaidi ya saa moja na nusu, hivyo inafaa siku ya kuwasili au ya kuondoka.

Makaburi ya Kasubi, yenye makabaka, yaani wafalme, wanne wa Buganda na yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, nimeyaweka ya nne kwa sababu ya umri tu. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto mwezi Machi 2010, ikajengwa upya kwa nyasi na matete, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Pete 52 za dari huwakilisha koo 52 za Buganda, na pazia la nguo ya gome la mti huficha sehemu takatifu. Viatu huvuliwa, wanawake na wasichana huvaa sketi ndefu au kujifunga kitenge, na sauti hushushwa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyaheshimu hayo na kufaidika. Wa miaka mitano atakutia aibu. Piga simu kabla ili kujua kama nyumba kuu inaingilika siku hiyo.

Kituo cha Ndere huko Ntinda hakina makabati, lakini kama Kamwokya mlikuta ala zimenyamaza, hapa ndipo zinaposema. Onyesho la ngoma na ucheshi la Jumapili jioni ndilo linalofaa watoto, ingawa huendelea hadi usiku. Walale mchana kabla ya kwenda.

Ama vyumba vya mateso vya enzi ya Idi Amin ndani ya Lubiri, kasri la kabaka lililoko Mengo, na sanamu za mauaji ya mashahidi, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, katika makumbusho ya Kianglikana huko Namugongo, singenunua kiingilio kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na mitatu. Historia yenyewe ni ya lazima, ila inaonyeshwa kwa ukali ambao mtoto mdogo huubeba hadi kitandani. Namugongo mpeleke upande wa Wakatoliki, akaitazame basilika yenye umbo la nyumba ya kienyeji na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki.

Mlangoni kwenyewe, beba vitambulisho vya watu wazima wote, kwa kuwa mara nyingi raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni kutoka mbali hulipa viwango tofauti, na asiye na kitambulisho huhesabiwa mgeni wa mbali. Uliza pia kama kiongozi yumo katika bei au hulipwa kando, na uwe na noti ndogondogo, maana chenji hukosekana asubuhi. Na kama safari yenu inaendelea magharibi kuelekea Mbarara, yaacheni Makaburi ya Kasubi kwa safari nyingine na mlipie Igongo, kilomita 12 hivi kabla ya mji, ambako makumbusho ya Eriijukiro yanaeleza maisha ya watu wa Ankole na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, na basi la Kampala hupita mbele ya lango.