Fundi aliyetuwekea Nagios, kisha akatufungia nje

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Sisi tuko Malaba. Tunasambaza intaneti kwa shule, zahanati na ofisi za mawakala wa forodha, na Nagios, programu ya kufuatilia mitambo ya mtandao, ndiyo macho yetu: ruta ikizimika mahali, tunaiona nyekundu kabla mteja hajaanza kufoka. Aliyetuwekea ni fundi wa kampuni moja ya Kampala, na niseme haki, kazi ya mwanzo ilikuwa safi. Tahadhari zilifika kwenye simu, kila mnara ulikuwa na jina lake. Ningeandika wakati ule, ningempa nyota zote.

Shida ilianza tulipomwomba jambo dogo tu: atuongezee mtu wa zamu ya usiku, naye awe na paswadi yake. Ilikuwa Ijumaa moja jioni, msimu wa mvua. Fundi akaingia kwenye seva akiwa huko huko Kampala, akatuma ujumbe: "Tayari." Sasa, ukurasa wa Nagios hujifungua upya wenyewe kila sekunde 90. Kijana aliyekuwa mbele ya skrini akaona orodha ya minara imetoweka, pametokea kisanduku cha kuomba jina na paswadi. Akaandika. Kikarudi. Nikaandika yangu ya nagiosadmin, akaunti kuu. Kikarudi. Aliyepita ni yule mtu mpya peke yake, na alipopita akakuta ukurasa mtupu wenye maandishi kwamba hana ruhusa ya kuona mashine yoyote. Nje radi inapiga, wateja wameanza kupiga simu, na sisi hatujui ni mnara gani umezimika.

Nikampigia fundi. Hakuniacha hata nimalize. "Madamu, mpe simu mtu wa IT." Nikamwambia mtu wa IT ni mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mmekosea paswadi." Sote? Kwa dakika ile ile? Akasema kama tuna haraka sana, niingie kwenye cgi.cfg, faili la mipangilio ya kurasa za Nagios, niweke use_authentication, yaani ukaguzi wa anayeingia, iwe 0, yaishe. Akakata simu.

Nikalifungua faili hilo. Juu ya mstari ule ule aliotaka niuguse, waliotengeneza Nagios wameweka onyo: kuzima ukaguzi huo ni wazo baya sana, isipokuwa uwe unaiondoa na cmd.cgi, programu inayopokea amri kupitia ukurasa, la sivyo watu watauchezea mfumo na hata kuijaza diski kwa kuandika amri mfululizo. Limeandikwa pale pale! Mtu analipwa kwa kazi hii, na hajasoma maneno yaliyo juu ya mstari anaomwambia mteja aubadilishe.

Sikuugusa. Nikaenda kwenye htpasswd.users, faili la paswadi ambalo Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, hulisoma. Lilikuwa na mstari mmoja. Jina la mtu wa usiku, nukta mbili, kisha ule mchanganyiko wa herufi unaoanza na $apr1$, yaani paswadi iliyofichwa. Sisi wengine hatumo. Nikaangalia historia ya amri, na ubishi ukaishia hapo: alitumia amri ya kuandika paswadi, htpasswd, akiongeza -c. Hiyo -c ni ya kuunda faili jipya, na kama lipo tayari, yaliyomo yote yanafutwa. Kumwongeza mtu hakuihitaji kabisa. Unaandika htpasswd, njia ya faili na jina, basi.

Na kwa nini mtu wa usiku aliingia asione kitu? Apache inakagua wewe ni nani, lakini utakachoona kinaamuliwa na Nagios. Katika cgi.cfg, authorized_for_all_hosts na authorized_for_all_services, orodha za wanaoruhusiwa kuona mashine zote na huduma zote, zilikuwa na nagiosadmin peke yake. Nikaongeza jina lake pale, nikatenganisha kwa mkato, minara ikamtokea. Sisi wengine tukatengenezewa paswadi upya, mmoja mmoja, usiku ule.

Nilikuwa nimepanga kuisema vibaya na Nagios yenyewe, kwamba ni kongwe na imejaa mafaili. Siwezi tena. Humo humo niligundua jambo linalonifurahisha hadi leo: jina la mtu la kuingilia likilingana na jina lake kama mhusika (contact) katika mafaili ya mipangilio, anaona mashine alizoandikiwa tu. Sasa mwalimu wa kompyuta wa shule moja anaingia, anaona ruta ya shule yake na si ya mtu mwingine, na hanipigii tena kuuliza kama tatizo liko kwao au kwetu. Fundi hakuwahi kututajia hilo.

Je, mmwite? Nilitaka kusema hapana, halafu nikafikiria jinsi alivyopanga zile tahadhari, mkono anao kweli. Pengine kwa kuweka mfumo mpya, mkiwa mmesimama karibu naye. Lakini ankara yake ina mstari wa "usalama", na ukurasa aliuacha kwenye http tupu, isiyo na usimbaji wa siri, ambapo paswadi ya aina hii husafiri imevishwa base64 tu, maandishi ambayo yeyote anaweza kuyarudisha, na yeyote anayeinasa njiani anaisoma. Pesa za usalama gani hizo? Hapana, msimwite. Https, ile inayofunga mawasiliano kwa siri, nimeweka mwenyewe, na mstari ule nimeukata kwenye ankara. Akitaka kuudai, ofisi yetu anaijua.